Upepo wa baharini haukushuka bei wenyewe

Wiki hii naacha mambo ya programu kidogo tuongee juu ya stima. Msikimbie lakini, kwa sababu nikimaliza mtaona hadithi hii haiko mbali sana na ya kompyuta na intaneti.

Tarehe 5 Desemba 2024 ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea maombi ya zabuni fulani nchini Denmark. Serikali yao ilikuwa imetangaza maeneo matatu katika Bahari ya Kaskazini ambako kampuni zingejenga mitambo ya upepo ya angalau megawati 3,000. Kumbuka kwamba hii ndiyo nchi iliyoanzisha kazi hii duniani. Vestas wako huko, Ørsted wako huko. Kama kuna mahali ambapo kampuni zilitarajiwa kupigania nafasi, ni hapo.

Saa ya kufunga ikafika. Maombi yaliyopokelewa: sifuri.

Masharti yalikuwa hivi. Serikali haikutoa ruzuku yoyote. Kinyume chake, mshindi ndiye angeilipa serikali kila mwaka kwa haki ya kutumia bahari, na serikali ingechukua asilimia 20 ya umiliki. Hesabu ya serikali ilikuwa kwamba upepo wa baharini sasa umekomaa, unaweza kujilipia na hata kutoa chenji.

Rafiki yangu mmoja, naye ni mwandishi wa programu, alicheka sana aliposoma habari hiyo. Akaniuliza: "Si mlituambia upepo siku hizi ni rahisi kuliko makaa ya mawe? Kama ni rahisi, mbona hawajengi mpaka wapewe pesa?"

Swali ni zuri na siku ile sikuwa na jibu la maana. Nikaenda kusoma. Makala haya ndiyo jibu langu, na naomba radhi kwa kuchelewa :)

Kwa ufupi nasema hivi: upepo wa baharini ulishuka bei kwa sababu serikali zilikubali kununua toleo la kwanza likiwa ghali na lenye hitilafu, halafu zikabeba mzigo mmoja ambao kampuni haiwezi kuubeba kwa bei nafuu, yaani kutojua stima itauzwa kwa bei gani miaka kumi na tano ijayo. Ukiondoa mkono huo mapema, bei inapanda au ujenzi unasimama. Kwa hiyo serikali inayosaidia upepo wa baharini haitoi sadaka. Twende kwenye historia, mtaona.

MAFUTA YALIPOPANDA BEI

Mwaka 1891 mwalimu mmoja wa Denmark aliyeitwa Poul la Cour alitumia kinu cha upepo kuzalisha umeme katika shule ya Askov. Mwaka 1957 mhandisi Johannes Juul akasimamisha mtambo wa kilowati 200 huko Gedser, wenye mapanga matatu kama tunayoyaona leo. Ulifanya kazi miaka kumi, hadi 1967, halafu ukazimwa. Mafuta yalikuwa rahisi, nani angejisumbua na upepo?

Oktoba 1973 mambo yakageuka. Nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta waliyouza, na katika miezi michache bei ikapanda karibu mara nne. Denmark wakati huo ilitegemea mafuta kutoka nje kwa takriban asilimia 90 ya nishati yake yote. Serikali ikapiga marufuku kuendesha magari siku za Jumapili. Hebu fikiria nchi nzima, Jumapili, barabara tupu.

Mpango wa wakubwa ulikuwa kujenga vituo vya nyuklia. Wananchi wengi hawakutaka, na mwaka 1985 bunge likaiondoa nyuklia kwenye mipango ya nchi. Wakati wakubwa wanabishana, watu wa kawaida walikuwa wanajenga. Seremala mmoja, Christian Riisager, alitengeneza mtambo wa kilowati 22 nyumbani kwake na kuuunganisha na gridi. Huko Tvind, walimu na wanafunzi walianza mwaka 1975 kujenga mtambo mkubwa wa upepo kwa mikono yao. Ulianza kuzunguka mwaka 1978 na bado umesimama. Hawakuweka hataza juu ya kazi yao. Aliyetaka kujifunza alikaribishwa. Ukiniuliza mimi, hiyo ilikuwa programu huria kabla jina lenyewe halijabuniwa.

RUZUKU YENYE AKILI NA RUZUKU ISIYO NA AKILI

Hapa ndipo serikali inapoingia, na ni muhimu tuangalie iliingia vipi.

Mwaka 1978 Denmark ilianzisha kituo cha kupima mitambo ya upepo huko Risø. Mwaka 1979 serikali ikaanza kumrudishia mnunuzi wa mtambo asilimia 30 ya gharama, kwa sharti kwamba mtambo huo umekaguliwa na kupitishwa na wataalamu wa Risø. Kiwango hicho kilipunguzwa polepole hadi kikafutwa mwaka 1989.

Angalia masharti hayo vizuri. Pesa hazikupewa kampuni moja kubwa iliyojuana na waziri. Zilimfuata mnunuzi, mkulima au ushirika wa kijiji, naye akachagua mtambo anaoutaka. Na mtengenezaji asiyepita mtihani hakupata mteja. Kwa lugha yetu, serikali iligharamia watumiaji wa kwanza na pia ikaweka watu wa kujaribu programu kabla haijatoka.

Sasa linganisha na Ujerumani Magharibi. Wao walitoa fedha za utafiti kwa mashine moja kubwa sana iliyoitwa Growian, megawati 3, upana wa mapanga mita 100. Ilisimamishwa mwaka 1983. Ilizunguka saa chache mno, mia nne na kitu kwa jumla, vyuma vikapata nyufa, na mwaka 1988 ikabomolewa. Waliruka kutoka toleo sifuri hadi toleo la kumi, bila watumiaji. Yeyote aliyewahi kuandika programu anajua mwisho wa mradi kama huo.

Kuna somo la pili, na hili linatoka California. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Marekani ilitoa punguzo kubwa la kodi kwa waliojenga mitambo ya upepo. Kampuni za Denmark ziliuza huko maelfu ya mitambo. Mwisho wa mwaka 1985 punguzo la serikali kuu likakoma. Oda zikakatika, na mwaka 1986 Vestas wakashindwa kulipa madeni yao na karibu wapotee kabisa. Ruzuku inayokuja kwa kishindo na kuondoka kwa kishindo inaweza kuua watoto iliowazaa yenyewe.

VINDEBY, 1991

Kwa nini wakaenda baharini? Sababu ya kwanza ni nafasi. Denmark ni nchi ndogo, na watu walianza kulalamikia mitambo karibu na nyumba zao. Sababu ya pili ni fizikia. Nguvu iliyomo ndani ya upepo hukua kwa mchemraba wa kasi yake. Upepo ukitoka mita 8 kwa sekunde hadi mita 10, unaona ni tofauti ndogo, lakini nguvu inakaribia kuwa maradufu. Na baharini hakuna miti wala milima ya kuuvunja upepo.

Uswidi walijaribu kwanza na mtambo mmoja tu, mwaka 1990. Shamba la kwanza kamili la upepo baharini ni Vindeby, karibu na kisiwa cha Lolland, lililozinduliwa mwaka 1991. Lilikuwa na mitambo 11 ya kampuni ya Bonus, kila mmoja kilowati 450, jumla megawati 5 hivi. Lilijengwa na shirika la umeme la Elkraft, na halikujengwa kwa sababu ya faida. Mashirika ya umeme yalikuwa yamekubaliana na serikali kwamba yatajenga upepo, na baharini palikuwa mahali pa kujifunza.

Ukipiga hesabu ya biashara peke yake, Vindeby lilikuwa jambo la ajabu. Katika miaka 25 yote hadi lilipobomolewa mwaka 2017 lilizalisha gigawati-saa 243 tu. Leo kuna mtambo mmoja wa megawati 15 wenye upana wa mapanga mita 236. Ukikadiria kwamba unafanya kazi kwa nusu ya uwezo wake kwa wastani, huo mmoja unazifikia gigawati-saa hizo kabla ya miaka minne kuisha. Lakini huwezi kuufikia wa megawati 15 bila kupitia wa kilowati 450. Hakuna njia ya mkato.

Zikafuata Tunø Knob mwaka 1995, kisha Middelgrunden mwaka 2000, mitambo 20 mbele ya jiji la Copenhagen. Nusu ya Middelgrunden ilimilikiwa na ushirika wa wananchi zaidi ya 8,000.

HITILAFU YA CHUMVI

Mwaka 2002 likaja shamba la kwanza kubwa kwelikweli, Horns Rev, katika Bahari ya Kaskazini: mitambo 80 ya Vestas, kila mmoja megawati 2. Hili nalo liliagizwa na serikali, kwa amri ya mwaka 1998 iliyoyataka mashirika ya umeme yajenge maeneo matano ya majaribio.

Miaka miwili baadaye transfoma na jenereta zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine. Vifaa vilivyofanya kazi vizuri nchi kavu havikuvumilia hewa yenye chumvi na unyevu wa bahari ile. Mwaka 2004 ikabidi vichwa vya mitambo yote 80 vishushwe kwa kreni, vipelekwe ufukoni, vitengenezwe, virudishwe. Sisi tukikosea tunasukuma toleo jipya usiku, asubuhi watu hawajui kitu. Wao kusahihisha hitilafu kulihitaji meli, kreni na siku zisizo na mawimbi.

Nataka msomaji asimame hapa kidogo, maana hoja yangu iko hapa. Makosa yale yaligharimu pesa nyingi, na aliyelipa ni Vestas pamoja na wateja wa umeme wa Denmark. Lakini aliyefaidika na somo ni kila mtu. Kampuni yoyote iliyojenga baharini baada ya hapo ilijua cha kufanya na chumvi. Mwekezaji binafsi anayeelewa hesabu atasema: acha jirani atangulie, mimi nitakuja mashimo yakiwa yameshafukiwa. Kila mmoja akisema hivyo, hakuna anayetangulia. Ndiyo maana hatua za kwanza zinahitaji mtu anayewakilisha wote, na huyo kwa kawaida ni serikali.

Ni hivyohivyo na mtandao unaotumia kusoma maneno haya. ARPANET ya mwaka 1969 ililipiwa na wizara ya ulinzi ya Marekani, wakati ambapo hakuna kampuni iliyoona biashara ndani yake.

UINGEREZA INAPOKEA KIJITI

Mwishoni mwa mwaka 2001 Denmark ilipata serikali mpya iliyoona ruzuku hizi ni gharama tu. Kati ya maeneo matano ya majaribio, mawili yalijengwa, Horns Rev na Nysted. Matatu yaliyobaki yakafutwa mwaka 2002. Kati ya 2003 na 2009 maji ya Denmark hayakuona shamba kubwa jipya.

Kijiti kikachukuliwa na Uingereza. Walianza na mitambo miwili tu huko Blyth mwaka 2000. Mwaka 2002 sheria ikawalazimisha wauzaji wa umeme kununua sehemu ya umeme wao kutoka vyanzo vinavyojijaza, na wazalishaji wakapewa vyeti vya kuuza. Mwaka 2009 wakaongeza vyeti kwa upepo wa baharini. Kufikia 2008 walikuwa wameshawapita Wadenmark, na mwaka 2013 wakazindua London Array, mitambo 175, megawati 630.

Lakini stima yenyewe bado ilikuwa ghali. Vyeti vilikuwa na kasoro: bei yake ilipanda na kushuka, na bei ya umeme nayo hivyohivyo. Mwenye benki akiona hali hiyo anaongeza riba. Na riba ndiyo roho ya mambo haya, kwa hiyo ngoja nieleze.

TATIZO NI RIBA

Mtambo wa gesi unalipia mafuta kila siku unapofanya kazi. Mtambo wa upepo haununui upepo. Karibu gharama yote inalipwa mwanzoni kabisa: vyuma, nguzo, kebo, meli. Ni kama kununua petroli ya miaka 20 siku ya kununua gari. Pesa hizo lazima zikopwe.

Niliandika mistari michache ya Python kujionea mwenyewe. Chukua mradi wa kubuni wa shilingi bilioni 100, mkopo wa miaka 20, malipo sawa kila mwaka. Kwa riba ya asilimia 4, unalipa bilioni 7.4 kwa mwaka. Kwa asilimia 10, unalipa bilioni 11.7. Ni bahari ileile, mitambo ileile na upepo uleule, lakini stima imeongezeka bei kwa karibu asilimia 60 kwa sababu ya wasiwasi wa mwenye pesa peke yake. Jaribuni wenyewe.

Sasa mwenye pesa ana wasiwasi gani? Hajui bei ya umeme itakuwaje mwaka wa 5 au wa 15. Hajui kama waziri wa kesho atabadilisha sheria. Mambo haya mawili kampuni haiwezi kuyadhibiti, serikali inaweza.

Ndipo Uingereza wakapitisha Sheria ya Nishati ya mwaka 2013, yenye mkataba ambao nitauita mkataba wa tofauti ya bei. Unafanya kazi hivi. Kampuni zinashindana kwa mnada, anayetaja bei ya chini anashinda, na bei hiyo wakati huo ilifungwa kwa miaka 15. Bei ya soko ikiwa chini ya hiyo, kampuni inaongezewa tofauti. Bei ya soko ikiwa juu, kampuni ndiyo inarudisha tofauti. Wateja wanalindwa upande mmoja, mwekezaji upande wa pili, na mwenye benki analala usingizi.

Matokeo yake haya hapa, kwa pauni za mwaka 2012 kwa kila megawati-saa. Mikataba ya kwanza ya mwaka 2014, iliyotolewa bila mnada: 140 hadi 150. Mnada wa 2015: kati ya 114 na 120. Mwaka 2017: hadi 57.50. Mwaka 2019: hadi 39.65. Mwaka 2022: 37.35.

Robo ya bei ya awali, kwa miaka minane. Mitambo ilikuwa imekua, meli maalumu zenye miguu zilikuwa zimejengwa, Siemens walikuwa wamefungua kiwanda cha mapanga huko Hull mwaka 2016, na riba duniani ilikuwa chini kabisa. Denmark nao walikuwa wamerudi uwanjani: shamba la Anholt, lililofunguliwa mwaka 2013, lilikuwa na bei ya øre 105 kwa kilowati-saa, Kriegers Flak mwaka 2016 lilishinda kwa øre 37. Mwaka 2021 kampuni kadhaa zilikuwa tayari kuilipa serikali ya Denmark ili zipate kujenga shamba la Thor, na mshindi akapatikana kwa kura ya bahati.

Unaelewa sasa kwa nini wanasiasa walilewa.

WALIPOACHA USUKANI

Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilianza, vyuma vikapanda bei, mizigo ikapanda. Riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilitoka asilimia 0.1 mwaka 2021 hadi 5.25 Agosti 2023. Rudi kwenye hesabu yangu ya Python uone maana yake. Julai 2023 Vattenfall wakasimamisha mradi wao wa Norfolk Boreas wakisema gharama zimepanda hadi asilimia 40.

Serikali ya Uingereza ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika mnada wa Septemba 2023 iliweka bei ya juu kabisa kuwa pauni 44. Upepo wa baharini haukupata ombi hata moja. Mwaka uliofuata wakapandisha kikomo hadi 73, kampuni zikarudi, na miradi mipya ikashinda kwa pauni 58.87. Ghali kuliko 2022, ndiyo, lakini mbali sana na 150.

Denmark hawakuchukua funzo la jirani, na Desemba 2024 yakawapata yale niliyoeleza mwanzoni. Agosti 2025 Ujerumani nao walifungua zabuni ya maeneo mawili katika Bahari ya Kaskazini bila ruzuku. Sifuri tena. Na Wadenmark? Mei 2025 walitangaza upya megawati 3,000, safari hii kwa mkataba wa tofauti ya bei, na msaada wa hadi kroni bilioni 55.2 kwa miaka 20.

Kwa hiyo jibu kwa rafiki yangu ni hili. Upepo wa baharini ni rahisi pale ambapo pesa ni rahisi, na pesa ni rahisi pale ambapo bei ya kesho inajulikana. Waliomtoa mtu anayeihakikishia kampuni bei ya kesho waliondoa sehemu ya mtambo wenyewe.

PINGAMIZI

Najua kuna watakaosema: kwani nani analipa? Wateja. Ni kweli. Mikataba ya 2014 ilikuwa ghali, na familia za Uingereza bado zinailipa kwenye bili zao. Sitaficha hilo. Lakini mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022, gesi ilipopanda vibaya, pesa zilianza kutiririka kinyume: mashamba yenye mikataba yakarudisha tofauti. Bei iliyofungwa ilikuwa bima, na siku ya bima ikafika.

Mkataba wenyewe ulikuwa na tundu pia. Baadhi ya mashamba yalichelewesha kuanza mkataba wao ili yauze kwa bei ya soko iliyopanda. Kisheria hawakukosea, aliyeandika mkataba ndiye aliacha mlango wazi. Tundu linazibwa, programu haitupwi.

Wengine watasema soko lichague. Lakini hakuna soko la umeme baharini ambalo serikali haimo. Bahari ni ya serikali, kibali ni cha serikali, na kwa mashamba kama Anholt na Horns Rev 3 hata kituo cha umeme baharini na kebo ya kufika nchi kavu vilijengwa na Energinet, kampuni ya serikali ya gridi. Swali la kweli ni kama serikali itaingia kwa mpango au kwa kubahatisha. China waliweka bei maalumu mwaka 2014, yuan 0.85 kwa kilowati-saa, wakatangaza mapema kwamba itaisha mwaka 2021. Mwaka huo mmoja walisimamisha karibu megawati 17,000 baharini. Sasa ndio wa kwanza duniani.

NA SISI?

Sisemi Kenya ikajenge mitambo ndani ya Bahari Hindi kesho. Tuna mvuke wa Olkaria na upepo wa nchi kavu, vyote rahisi zaidi. Lakini historia hii inatuhusu. Mitambo 365 ya Loiyangalani, kule Marsabit, ni ya Vestas, kampuni iliyokuzwa na sera zile za Denmark. Na mradi ule, megawati 310, ulipata mikopo kwa sababu kulikuwa na mkataba wa miaka 20 wa kununua stima kwa bei inayojulikana. Ni dawa ileile.

Kasoro zetu nazo zinafundisha. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, ambayo ilikuwa kazi ya serikali, ilichelewa hadi Septemba 2018, na tukalipia stima ambayo hatukuipokea. Ardhi nayo ilifika mahakamani, na mwaka 2021 mahakama ya Meru ikasema hati zake hazikutolewa kwa utaratibu unaofaa. Serikali ikiahidi nusu ya kazi na kuifanya vibaya, hasara inarudi kwa mwananchi.

Lakini tumeshafanya vizuri pia. Mwaka 2008 serikali iliunda kampuni ya GDC ili ichimbe visima vya mvuke, maana kisima kinaweza kutoka kikavu na hakuna benki inayotaka kusikia habari hiyo. Na Juni 2009, baada ya kuchoka kusubiri kebo ya nchi nyingi iliyokuwa ikichelewa, kebo ya TEAMS, ambayo serikali yetu iliisukuma kwa pesa zake na za washirika, ilitua Mombasa ikitokea Fujairah. Kabla ya mwaka huo intaneti yetu ilipitia setilaiti. Nilikuwa shule ya msingi, sikujua kitu. Leo kazi yangu yote, mshahara wangu wote, unapita ndani ya kebo kama hizo chini ya bahari.

Kwa hiyo ninapomsikia mwandishi wa programu akisema serikali isiguse teknolojia, iache soko lifanye kazi, natabasamu tu. Tumekalia kiti ambacho mtu mwingine alikilipia. Upepo wa baharini nao ni hivyo. Tuulize tu maswali ya Risø: nani anapimwa, nani analipwa, kwa muda gani, na kilichopatikana kikizidi nani anarudisha.

Haya, kwa leo yatosha. Mwenye hoja tofauti alete, na mwenye hesabu bora kuliko ile yangu ya Python alete pia. Wiki ijayo tunarudi kwenye programu. Kwaherini.